Feni za Kompyuta ya Mezani: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara Hapa Tabora

Natengeneza kompyuta hapa Tabora mjini. Nyingi ni za steshenari, za ofisi na za shule, na wateja wangu wanatoka Isevya, Ng'ambo na Cheyo, wengine wanakuja na mashine zao kutoka Urambo na Sikonge. Maswali ya feni hayaishi, hasa kuanzia Septemba, joto linapopanda na vumbi likiwa bado halijatulizwa na mvua. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayompa mteja akiwa amekaa mbele ya meza yangu. Yanahusu kompyuta ya mezani tu. Laputopu ina mambo yake.

## Kabla ya kununua

Kompyuta yangu inavuma kama mashine ya kusaga. Ninunue feni mpya?

Usinunue bado. Nyingi zinazoletwa kwangu na malalamiko hayo zinarudi nyumbani na feni zile zile. Kinachofanyika ni kutoa vumbi lililoziba mapezi ya hitisinki, kile kipande cha alumini kinachokaa juu ya prosesa (ubongo wa kompyuta), kisha kufuta pesti ya kupitisha joto iliyokauka kati yake na prosesa na kupaka nyingine. Feni haivumi bila sababu. Mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, inaipa amri izunguke haraka kwa kuwa prosesa imepata joto. Ukifunga feni mpya juu ya hitisinki iliyoziba, nayo itavuma vile vile na hela yako itakuwa imekwenda.

Kwa hiyo safisha kwanza (namna ya kusafisha ipo kwenye swali la blowa, huko chini), halafu washa usikilize. Kelele ikibaki, endelea na swali linalofuata.

Nitajuaje ni feni ipi inayopiga kelele?

Fungua ubavu wa kasha, washa kompyuta, kisha tumia kitako cha penseli chenye raba kugusa kitovu cha feni mojamoja, katikati, siyo kwenye mapanga. Feni ikisimama kwa sekunde mbili tatu na kelele ikakoma, umeipata. Usiiache imesimama muda mrefu, na pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa mashine umeme, usiiguse kwa mtindo huu.

Sikiliza pia aina ya mlio. Mkwaruzo au mngurumo unaobadilika ukiilaza mashine ni beringi iliyolika. Tak-tak-tak ya haraka mara nyingi ni waya unaoguswa na mapanga, nao unafungwa tu kwa kamba ya plastiki. Mvumo wa bati ni kasha lenyewe linalotikisika. Upepo mtupu, bila mkwaruzo wowote, maana yake feni ni nzima ila inakimbizwa mno.

Joto la kiasi gani ni baya?

Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100 za Selsiasi, na za AMD Ryzen 90 au 95 kutegemea toleo. Zikikaribia hapo hujipunguza kasi zenyewe, na hapo ndipo mtu anasema kompyuta "imekuwa nzito". Kwangu mimi, prosesa ikifanya kazi ngumu ikabaki chini ya 80 hadi 85, sina wasiwasi nayo. Programu ya bure kama HWiNFO inakuonyesha namba hizo kwenye Windows, na kwenye Linux ipo lm-sensors.

Kumbuka kwamba feni husogeza hewa tu, haitengenezi ubaridi. Chumba kikiwa na nyuzi 33 saa nane mchana, hakuna feni itakayoishusha prosesa chini ya 33. Pima asubuhi na pima mchana kabla ya kumlaumu fundi.

## Kuchagua

Nichukue feni ya ukubwa gani?

Kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye kasha lako. Saizi za kawaida ni milimita 80, 92, 120 na 140. Feni mbili zenye umbo moja la mapanga na kasi moja, ya 120 ikiwekwa kando ya ile ya 80, ya 120 inasukuma hewa zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana ile ndogo inalazimika kukimbia sana, na kukimbia huko ndiko kelele. Kasha likiwa na matundu ya 140, tumia 140.

Napimaje? Feni yenyewe sina, nina tundu tu.

Hapa watu wengi wanaagiza kitu kisicho chao. Saizi ya feni ni upana wa fremu yake, siyo umbali wa matundu ya skrubu. Feni ya 80 ina matundu yaliyoachana milimita 71.5, ya 92 ni 82.5, ya 120 ni 105, na ya 140 ni 124.5, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu. Mteja wangu mmoja alipima matundu akapata 105, akaagiza kwa simu Kariakoo "feni ya sentimita kumi na nusu". Muuzaji alimtumia ya 92 kwa basi kwa kuwa ndiyo aliyoona inakaribia. Nauli ya kwenda na kurudi ilikaribia bei ya feni.

Pima na unene. Wa kawaida ni milimita 25, lakini kwenye makasha membamba kadi ya picha au waya huweza kuzuia, na hapo utahitaji ile nyembamba ya milimita 15.

Bora feni moja yenye nguvu au mbili za polepole?

Mbili za polepole. Hili ndilo ningependa kila mnunuzi alielewe kabla ya kutoa hela, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Hewa inayosukumwa na feni huongezeka sambamba na kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, hewa mara mbili. Kelele haiendi hivyo. Kasi ikiongezeka mara mbili, kelele hupanda kwa takribani desibeli 15, na kwa sikio la binadamu kila desibeli 10 husikika kama sauti imekuwa kubwa mara mbili. Umeme ndio unapaa zaidi, karibu mara nane.

Sasa chukua feni moja inayozunguka mara 1,600 kwa dakika. Ishushe hadi 800: kelele imepungua desibeli 15, lakini hewa imebaki nusu. Ongeza feni ya pili kama hiyo, nayo pia kwenye 800. Feni mbili zenye sauti sawa huongeza desibeli 3 tu juu ya moja. Umerudisha hewa yako yote, na bado uko chini kwa desibeli 12. Kompyuta ile ile, hewa ile ile, na sasa mwalimu anaweza kuongea darasani bila kupaza sauti.

Namba za kwenye boksi zina maana gani?

Nne zinatosha.

RPM ni mizunguko kwa dakika. Kwa feni ya 120 ya kawaida, tafuta yenye kilele cha 1,200 hadi 1,800, na kikubwa zaidi ni kwamba iweze kushuka hadi 500 au chini ya hapo.

CFM ni wingi wa hewa, futi za ujazo kwa dakika. Zidisha kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa. Namba hii hupimwa feni ikiwa haina kizuizi mbele yake, kwa hiyo ndani ya kasha utapata pungufu.

mmH2O ni shinikizo, yaani uwezo wa feni kupenyeza hewa mahali penye kizuizi. Feni ya juu ya hitisinki au nyuma ya chujio inahitaji shinikizo zuri. Feni ya kutoa hewa nyuma ya kasha, mahali palipo wazi, haina haja nalo sana.

dBA ni kelele. Ilinganishe ndani ya chapa moja tu, kwa sababu watengenezaji hawapimi kwa namna moja.

Boksi likiwa limepotea, soma ampea kwenye kibandiko cha feni. Feni ya 120 yenye 0.1 hadi 0.2A kwa volti 12 ni mpole. Ukikuta 0.5A au zaidi, hiyo ilitengenezwa kwa kasi kubwa na utaisikia ukiwa sebuleni.

Beringi ipi inadumu?

Za bei ya chini zina bushi ya kawaida yenye mafuta. Mpya huwa kimya sana, ila kwenye joto mafuta hukauka, na ikifungwa kwa kulala, kwa mfano juu ya kasha, hulika haraka zaidi. Za gololi huvumilia joto na kulala, lakini zina mlio mdogo unaokua kadiri zinavyozeeka. Za kimiminika, zinazoandikwa FDB au jina linalofanana, ndizo ninazozipendekeza: kimya kama bushi, na maisha marefu. Hela ya ziada ukiwa nayo, iweke hapo.

Pini 3 au pini 4?

Pini 4. Ile ya nne hupokea ishara ya PWM, ambayo huiruhusu mazabodi kuibadili kasi ya feni hadi chini kabisa bila kupunguza volti. Feni ya pini 3 hupunguzwa kwa kushusha volti, na volti zikishuka sana hushindwa kuanza kuzunguka. Ya pini 3 inaingia kwenye soketi ya pini 4 na inafanya kazi, ila kwenye bayosi (mipangilio ya mazabodi unayoifungua kompyuta inapowaka) chagua DC, yaani kushusha volti, badala ya PWM. Ya pini 4 kwenye soketi ya pini 3 nayo itazunguka.

Epuka zenye plagi kubwa ya Molex pekee. Zinapata volti 12 muda wote na zinakimbia kwa kasi ya mwisho tangu asubuhi hadi unapozima.

Zenye taa za rangi zinapoza zaidi?

Hapana. Taa ni taa.

Chapa gani?

Noctua ya Austria inajulikana kwa feni za rangi ya kahawia na maziwa, na ile ya NF-A12x25 ni kimya kweli, ila bei yake ni nzito kwa kompyuta ya kuchapia barua. Arctic P12 ina shinikizo zuri kwa bei ndogo zaidi, na kwa mashine nyingi ninazotengeneza hiyo inatosha. Zisizo na jina nazinunua nikiwa nimeishika feni mkononi: naizungusha kwa pumzi, natazama kama mapanga yanayumba, naitikisa nisikie kama kitovu kinacheza. Kwa picha ya simu pekee sinunui.

## Kufunga

Feni inapuliza upande gani?

Hewa hutoka upande wenye mikono inayoshika mota, upande ambao kibandiko kipo mara nyingi. Feni nyingine zina mishale miwili kwenye fremu: mmoja wa mzunguko, mmoja wa hewa. Ukiwa na shaka, shika kipande cha karatasi ya choo mbele yake.

Ngapi ziingize hewa na ngapi zitoe?

Mbele ziingize, nyuma na juu zitoe, kwa kuwa hewa ya moto hupanda yenyewe. Mjini kwetu nashauri zinazoingiza zizidi kidogo: mbili mbele zenye chujio, moja nyuma. Hewa ikijaa ndani hutafuta pa kutokea kwenye kila upenyo, kwa hiyo vumbi haliingii huko. Ukifanya kinyume, ukatoa nyingi kuliko unayoingiza, kasha litavuta hewa kupitia soketi za USB, matundu ya kadi na kila pengo lisilo na chujio. Mwaka mmoja tu utaona kilichojaa mle.

Kasha langu ni la bati jepesi, linatikisika.

Tumia pini za mpira badala ya skrubu, au kata vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli uviweke kati ya feni na bati. Tazama na wavu ulio mbele ya feni: bati lililotobolewa matundu madogo karibu na mapanga hutoa mluzi. Kuisogeza feni hata milimita 5 kutoka kwenye bati kunasaidia.

Feni inapanda na kushuka kila dakika. Inachosha kuliko kelele yenyewe.

Ni mpangilio. Joto la prosesa huruka ghafla unapofungua programu, na feni inalifuata. Ingia kwenye bayosi, sehemu ya feni, ulainishe mstari: chini ya nyuzi 60 ibaki kwenye asilimia 30 hadi 40, ipande taratibu hadi nyuzi 80, kisha iachiwe ikimbie. Bayosi nyingi zina pia muda wa kusubiri kabla ya kubadili kasi. Weka sekunde kadhaa. Kama bayosi yako haina hayo, jaribu programu ya FanControl kwenye Windows.

## Vumbi, joto na mazoea yetu

Nisafishe mara ngapi, na je, nitumie blowa?

Kiangazi kila baada ya miezi miwili, hasa kama duka lako linatazama barabara ya vumbi. Masika unaweza kusogeza hadi minne. Machujio yapanguse kila wiki, yanatoka kwa mkono.

Blowa inafaa, lakini zima, chomoa waya wa umeme, toa mashine nje, na ishike feni isizunguke unapopuliza. Feni ikizungushwa na upepo mkali hupita kasi yake, beringi huumia, na mota hugeuka kuwa jenereta ndogo inayorudisha umeme kwenye mazabodi. Upepo wa gereji la tairi usiutumie, kwa sababu tangi la kompresa hukusanya maji na mafuta. Kwenye mapezi ya hitisinki tumia brashi laini ya rangi kwanza, vinginevyo blowa inalisukuma vumbi ndani zaidi.

Ukifungua, angalia pia buibui. Wanapenda sana kona ya pawa saplai.

Nimeacha kasha wazi na pangaboi linalipuliza. Si ndiyo bora?

Kwa siku moja ya dharura, sawa. Kwa mwezi mzima, hapana. Pangaboi linaleta vumbi lote la chumba moja kwa moja kwenye mazabodi, bila chujio, na mpangilio wa hewa kutoka mbele kwenda nyuma unakufa. Nimeshatoa mijusi wawili ndani ya kasha la namna hiyo. Mmoja alikuwa amekaukia kwenye feni.

Je, kitambaa cha kufuma kinazuia vumbi?

Kikiwekwa kompyuta ikiwa imezimwa na kupoa, kinafaa sana. Ikiwa inawaka, kinaziba matundu ya juu na ya nyuma, na nimeona mashine ikijizima kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo meza zile zenye kabati la kuweka kasha: fungua mlango wake, au toboa nyuma. Kasha lisikae sakafuni moja kwa moja. Tofali mbili au kibao vinatosha.

Mwinuko wa Tabora unaathiri?

Ndiyo, na wengi hawajui. Tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takribani asilimia 13. Hewa nyepesi hubeba joto dogo zaidi. Kompyuta inayotumia wati 150, ukitaka hewa inayotoka iwe na joto la nyuzi 10 tu zaidi ya inayoingia, kwa Dar es Salaam inahitaji mita za ujazo 46 hivi kwa saa. Kwetu ni kama 53, au CFM 31. Feni moja nzuri ya 120 inafika hapo kwenye karatasi, lakini ndani ya kasha lenye chujio na waya haifiki bila kukimbia. Mbili zinafika zikiwa zimetulia.

## Mambo ya pembeni

Nina mashine ya ofisi ya mtumba. Feni mpya haiingii kwenye plagi.

Baadhi ya Dell OptiPlex zina plagi ya feni ya prosesa yenye pini 5, na mashine nyingine za ofisi hupanga waya kwa mtindo wao. Usikate na kuunga kwa kubahatisha rangi. Tafuta feni ya modeli hiyo hiyo au waya wa kugeuza plagi. Mashine hizi pia hukagua kasi ya feni zinapowaka, na zisipoiona huonyesha onyo na kusubiri ubonyeze F1. Hilo likitokea baada ya kubadilisha feni, huenda tatizo si feni mbovu.

Naweza kugawa waya wa feni mbili kwenye soketi moja?

Unaweza, kwa waya wa Y. Soketi nyingi huruhusu hadi ampea 1. Jumlisha namba za kwenye vibandiko. Zikiwa chini ya hapo kwa nafasi, hakuna shida.

Feni ya pawa saplai ndiyo inayonguruma.

Usiifungue mwenyewe. Kapasita zake huhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa waya, na zinaweza kukuua. Mpelekee fundi anayefanya kazi hiyo kila siku, au nunua nyingine.

Mafuta yanaweza kuokoa feni ya zamani?

Ya bushi, ndiyo, kwa muda. Bandua kibandiko, tia tone moja la mafuta ya cherehani, zungusha kwa kidole, rudisha kibandiko au ziba kwa selotepu safi. Utapata miezi kadhaa. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda na kunata. Feni zilizozibwa kabisa usizitoboe.

Feni ya kompyuta niliyoitoa, naweza kuiunga kwenye betri ya sola?

Inawezekana, na wengine wanazitumia kwenye mashine za kutotolea vifaranga. Angalia volti tu: feni ni ya 12, lakini betri inapochajiwa hufika 14 na zaidi, na feni nyingi hazikutengenezwa kwa hilo. Pitisha kwenye kidhibiti cha volti 12, na weka fyuzi ndogo.

Nimebadilisha feni zote, bado kuna mlio mwembamba kama wa mbu.

Simamisha feni zote kwa sekunde moja, kama nilivyoeleza kwenye swali la penseli. Mlio ukiendelea, unatoka kwenye koili za kadi ya picha au pawa saplai zinazotetema umeme unapopita. Mara nyingi husikika ukiwa kwenye gemu na kupotea ukifungua Word. Punguza idadi ya picha kwa sekunde kwenye mipangilio ya gemu, au jaribu pawa saplai ya kuazima kabla ya kununua chochote. Mlio huo hauharibu mashine, na feni mpya haitauondoa.